Fundi Anajibu: Gitaa la Fundi Redio

Toleo lililopita tulichapa picha ya Stratocaster nyekundu, gitaa la umeme lenye jina la Fender, basi barua zikamiminika, na karibu zote zinamtaja Fender. Nimechagua hizi chache. Nimezijibu dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, redio mbovu kulia, magitaa kushoto. Nikionekana nampendelea huyu bwana msinishangae, ni fundi redio mwenzangu.

*Shikamoo fundi. Kijiweni kwetu Mikanjuni tumebishana hadi tumenuniana. Mimi nasema Fender alikuwa mpiga solo hodari wa Marekani, ndiyo maana magitaa yakapewa jina lake. Mwenzangu anasema hakuna mtu, ni jina la kiwanda tu. Tuamue. – Kijana wa Mikanjuni*

Marahaba mwanangu. Mmetoka sare, maana wote mmekosa. Fender alikuwa mtu, Clarence Leonidas Fender, wenzake wakimwita Leo, na kupiga gitaa hakujua. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Anaheim, California, wazazi wake wakilima machungwa. Jicho moja alilipoteza angali mtoto. Akasomea uhasibu, akaandika vitabu vya hesabu vya watu, na ajira ilipoota mbawa wakati uchumi wa Marekani umeanguka, akakopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Hiyo ni 1938.

Sasa duka la redio, popote lilipo, halikai na redio peke yake. Mimi huletewa feni, huletewa spika za harusi, juzi nimeletewa mizani ya muuza samaki. Fender naye wanamuziki walianza kumletea amplifaya na magitaa yao. Magitaa ya umeme ya siku zile mengi yalikuwa ya tumbo wazi, yaliyofungwa pikapu juu, ile sumaku yenye waya inayodaka mtetemo wa nyuzi. Ukipandisha sauti ili usikike, ngoma isikumeze, lile tumbo linatetemeka pamoja na spika, na ukumbi mzima unapigiwa yowe. Mwaka 1945 Fender akaungana na mwenzake Doc Kauffman kutengeneza magitaa ya kulaza mapajani, yale ya mtindo wa Hawaii, pamoja na amplifaya. Mwaka uliofuata wakaachana kwa heri, kampuni ikabaki na jina la Fender.

Mwaka 1950 likatoka gitaa la ubao mtupu, halina tumbo kabisa. La pikapu moja likaitwa Esquire, la pikapu mbili Broadcaster. Jina la pili halikudumu, kwa sababu kampuni ya Gretsch ilikuwa na ngoma zenye jina linalotamkwa hivyo hivyo. Fender hakutaka kesi. Wafanyakazi wake wakachukua mkasi wakakata neno "Broadcaster" kwenye nembo, magitaa yakauzwa yana "Fender" tu kichwani, na leo hayo yasiyo na jina yanagombaniwa na matajiri. Mwaka 1951 msimamizi wa mauzo, Don Randall, akaliita Telecaster, maana runinga ndiyo ilikuwa habari ya mjini.

Mwanangu, ukitaka kujua kwamba gitaa hili limebuniwa na fundi redio, chukua bisibisi. Kwenye Telecaster kuna bamba dogo la chuma lenye swichi na vifundo viwili. Fungua skrubu mbili tu, bamba linainuka na swichi, volyumu, toni na nyaya zake zote, unaliweka mezani unalehemu kwa raha zako. Kwenye Stratocaster ni vivyo hivyo: ile plastiki ya mbele imebeba pikapu tatu, volyumu, toni mbili na swichi. Zile za mwanzo zilikuwa na skrubu nane, tangu 1959 zikawa kumi na moja. Ukizitoa unaibeba mitambo yote mkononi. Hiyo ni chesisi ya redio, fremu inayobeba mitambo, iliyogeuzwa gitaa. Shingo nayo haikugundishwa, imefungwa kwa skrubu nne kupitia bamba la nyuma. Imepinda, imechakaa? Fungua, weka nyingine. Watengenezaji wa zamani, waliotoka kwenye ukoo wa fidla, walimcheka wakaliita gitaa lake ubao wa kupigia makasia. Nao baada ya muda wakaanza kutengeneza ya ubao.

Na msiseme alifanya peke yake. Stratocaster ya 1954 umbo lake lilichorwa na Freddie Tavares, mwana wa Hawaii, na ule upinde wa mgongoni unaokaa vizuri mbavuni ulitokana na wapigaji kama Bill Carson na Rex Gallion waliolalamika kwamba kona za Telecaster zinawachoma. Fender hakujua kupiga, kwa hiyo aliwauliza wanaojua. Wapo mafundi hapa mjini wanaojua kupiga na hawamuulizi mtu.

*Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu hapa Muheza iliachiwa gitaa na mgeni miaka mingi iliyopita. Limeandikwa Fender Stratocaster, kichwa chake kikubwa, nyuma ya kichwa hakuna neno, mbele chini ya nembo kuna S8 na tarakimu tano. Bamba la nyuma lina herufi F na skrubu tatu. Ni zito, mabega yanauma. Kijana mmoja kutoka Dar anatupa laki tatu. Vinginevyo tunataka tulipeleke gereji lipulizwe rangi nyeupe lifanane na joho za kwaya. – Mwalimu wa kwaya, Muheza*

Amina, mwalimu. Kwanza kabisa, gereji msiende.

Mwaka 1965 Fender, afya ikimsumbua, aliiuza kampuni kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Mwisho wa mwaka huo kichwa cha Stratocaster kikanenepa, na bamba la nyuma likapata ile F kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 skrubu za shingo zikapungua kutoka nne hadi tatu, na tangu 1976 namba zikahamia kichwani. S ni miaka ya sabini, tarakimu inayoifuata ni mwaka. Kwa hiyo S8, kama ni kweli, ni 1978 hivi, na uzito wake unakubaliana, kwani mbao za ashi walizotumia miaka ile nyingi zilikuwa nzito.

Sifa za enzi hiyo si nzuri sana, nikuambie ukweli. Wapigaji wengi walilalamika kwamba kazi ilianza kufanywa kwa haraka, na shingo ya skrubu tatu, mfuko wake, yaani tundu la kiwiliwili inamoingia, ukilegea, husogea pembeni ukiisukuma. Lakini umri umeyapa thamani hata hayo, na la kweli la mwaka huo bei yake ni mamilioni ya shilingi. Ile laki tatu mwambieni kijana anunulie viatu.

Nimesema "kama ni kweli" kwa sababu nembo ni karatasi tu, huchapwa na kubandikwa popote. Hakikisheni hivi. Legezeni nyuzi, fungueni plastiki ya mbele, tazameni migongo ya volyumu na toni. Zile za Marekani zimegongwa namba. Kama zinaanza na 137, mtengenezaji ni CTS, zikianza na 304 ni Stackpole. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Mathalani 1377633 ni CTS, 1976, wiki ya 33. Volyumu ya mwaka 1976 au 1977 ndani ya gitaa la 1978 ni sawa kabisa, kwa sababu kiwanda hununua kwa jumla na kuweka akiba. Ukikuta volyumu ndogo, haina namba, basi ama imebadilishwa ama gitaa lote ni la kuigiza. Kisha toeni shingo mtazame kisigino chake na mfuko wake. Tangu zamani waliandika tarehe pale, awali kwa penseli, baadaye kwa muhuri. Miaka ya sabini mingine waliacha, kwa hiyo kukosekana kwa tarehe peke yake hakuthibitishi kitu.

Mkikuta mahali pameandikwa Japani, msilitupe. Kampuni ilianza kutengeneza Japani mwaka 1982, na magitaa ya pale ya mwanzo yanaheshimika mno. Jina Squier nalo si la bandia. Ilikuwa kampuni ya nyuzi ya Michigan ambayo Fender waliinunua 1965, na tangu 1982 wakalitumia kwa magitaa yao ya bei nafuu. Ya Meksiko yanatoka Ensenada, namba zake huanza na M: MN ni miaka ya tisini, MZ ni miaka ya 2000.

Kuhusu rangi, Fender mwenyewe alichukua rangi zake nyingi kwenye orodha ya DuPont ya rangi za magari. Ile nyekundu tuliyoipiga picha, Fiesta Red, ilikuwa ya Ford Thunderbird ya 1956. Kwa hiyo gereji na gitaa si maadui. Ila kwenye gitaa la umri huo, rangi ya zamani ikikwanguliwa thamani inakwenda nayo. Shoneni joho za rangi ya gitaa.

*Fundi, Fender au Gibson? – Mwenye haraka, Chuda*

Fender. Gibson ni gitaa zuri, shingo yake imegundishwa, pikapu zake za koili mbili hazivumi, sauti nene. Lakini likiharibika shingo unahitaji fundi aliyebobea, la Fender unahitaji bisibisi. Hapa Tanga bisibisi zipo.

*Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, anatumia kushoto. Mjomba wake amemletea Stratocaster ya kulia. Shangazi yake anasema ashike kama watu wengine. Je, hili la kulia linaweza kugeuzwa, au tulibadilishe? – Mama Z., Makorora*

Waalaykum salaam, dada yangu. Shangazi mpe chai, mtoto muache.

Linageuzika, na umepata bahati ni Stratocaster. Lina pembe mbili, kwa hiyo ukiligeuza linaning'inia begani vizuri, unahamisha tu kile kifungo cha mkanda kwenda pembe ya pili. Jimi Hendrix, mkono wa kushoto, alipiga Stratocaster za kulia alizozigeuza juu chini, na sidhani shangazi angemfundisha kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Nyuzi zinapangwa upya, nene iwe juu anaposhika yeye. Hapo kile kidaraja cha juu, kipande kinachopitisha nyuzi kati ya shingo na kichwa, hakifai tena, kwa sababu kila mfereji umekatwa kwa unene wa uzi wake: uzi mwembamba utacheza ndani ya mfereji mpana, uzi mnene utakaa juu juu. Msinunue. Nenda buchani uombe mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene. Uchemshe mpaka mafuta yatoke, uutie maji ya sabuni, uuanike siku kadhaa kivulini. Ukikauka, seremala mwenye msumeno mwembamba atakata kipande cha upana wa shingo, kama milimita 42, unene milimita tatu na nusu hivi, na mifereji unaisugua kwa tupa ndogo polepole, unaweka uzi, unatazama, unasugua tena. Mfupa hutoa harufu mbaya ukisuguliwa, kafanyieni uani.

Kisha pale kwenye daraja la chini rekebisheni urefu wa kila uzi. Utapiga uzi mtupu, halafu utabonyeza freti, kile kichuma cha shingoni, ya kumi na mbili. Noti ziwe zile zile, ya pili juu zaidi kwa oktavu moja. Ikipanda kupita kiasi, kiti cha uzi, kile kipande cha daraja kinachobeba uzi, kirudi nyuma. Vifundo vya sauti vitakuwa juu, karibu na mkono wake wa kupigia, mwanzoni atavigusa bila kutaka. Atazoea.

Na ile fimbo ya kutetemesha sauti, mpaka ajue kutyuni, ifungeni. Kwa nyuma kuna kifuniko, ndani yake springi zinazoshindana na nyuzi. Zikilingana daraja linaelea, na uzi mmoja ukikatika nyingine zote zinapoteza tyuni. Kazeni skrubu mbili ndefu zinazoshika kikucha cha springi mpaka daraja lilale kwenye ubao, na kama kuna nafasi za springi tano na zimo tatu, ongezeni. Habari ya kutyuni itakwisha.

*Mzee wangu, mimi ni seremala Pongwe. Nataka kuchonga Telecaster mwenyewe, kiwiliwili cha mninga, shingo ya mninga, ubao wa vidole wa mpingo. Nipe vipimo, maana picha ninazo ila vipimo sina. – Seremala, Pongwe*

Barua kama hii ndiyo inanifanya niendelee kuandika. Fender mwenyewe alianza na mbao alizokuwa nazo: sampuli zake za kwanza zilichongwa kwa msonobari. Baadaye akatumia ashi, na tangu 1956 Stratocaster nyingi zikawa za alda. Shingo zikabaki za mepli, mti mgumu. Hakuna uchawi kwenye majina hayo, ni mbao zilizopatikana California kwa bei ya kiwanda.

Mninga ni mzuri kwa kiwiliwili, unatulia ukikauka, hauchezi. Ni mzito kuliko alda, kwa hiyo chagua ubao mwepesi, au utoboe vyumba ndani kabla ya kufunika. Unene wake milimita 45. Mfuko wa shingo kina cha milimita 16, upana milimita 56, na ubane: shingo iingie kwa kusukumwa na mkono, isicheze. Hapo ndipo magitaa ya kuchonga nyumbani yanapokufa.

Shingo kwa mninga mimi sikushauri. Tafuta mti mgumu zaidi wenye nyuzinyuzi zilizonyooka, na lazima uweke chuma cha kurekebisha ndani. Esquire za mwanzo kabisa za 1950 zilitoka bila hicho chuma, shingo zikapinda, zikarudishwa, ndipo kikawekwa. Chimba mfereji kwa nyuma, chuma kiingie, uufunike kwa kipande cha ubao mweusi. Ile mistari myeusi unayoiona mgongoni mwa shingo za Fender si urembo.

Mpingo kwa ubao wa vidole ni sawa na zaidi ya sawa, ni wa jamaa moja na rozwudi anayoitumia Fender tangu mwishoni mwa miaka ya hamsini. Ila ununue wenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na ukifikiria kumuuzia mzungu aondoke nalo, ulizia kwanza karatasi, kwa kuwa miti ya jamaa hiyo ipo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Sasa freti. Urefu wa uzi wa Fender ni inchi 25 na nusu, yaani milimita 648, kutoka kidaraja cha juu mpaka kiti cha uzi. Gawa 648 kwa 17.817, unapata 36.37. Hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki, 611.63, kigawe tena kwa 17.817, unapata 34.33, hiyo ni nafasi kutoka ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo hivyo. Ukifika freti ya kumi na mbili lazima uwe katikati kamili, milimita 324. Kama huko hapo, usitie msumeno, rudia hesabu. Na pima kila freti kutoka mwanzo wa shingo. Ukipima kutoka freti iliyotangulia, makosa madogo yanajumlishana mpaka juu kabisa gitaa linaimba lugha yake.

Vaa barakoa ukipiga msasa.

*Fundi, mimi napenda taarab, si dansi. Vikundi vya zamani vya hapa kwetu vilipataje besi la umeme wakati wenzao wa Unguja walikuwa na lile kubwa la kusimama? – Bi. M., Usagara*

Bi mkubwa, shikamoo. Black Star na Lucky Star hawakuona haya kuazima kwa jirani. Mji huu huu ulikuwa na bendi za dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magitaa yanasikika barabara ya pili, basi taarab ya Tanga ikachukua gitaa na besi la umeme, sauti ya Shakila ikapanda juu yake.

Lile besi nalo ni la Fender kwa asili. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass. Besi la kusimama lilikuwa mzigo wa mtu mzima, halisikiki mbele ya amplifaya, na halina freti, kwa hiyo noti inategemea sikio la mpigaji. Yeye akaweka freti, uzi wa inchi 34, likabebwa begani. Mwaka 1957 pikapu yake ikakatwa vipande viwili vinavyofutiana mvumo, na 1960 likafuata Jazz Bass lenye shingo nyembamba. Ukisikia besi inatembea chini ya fidla, umesikia uamuzi wa fundi redio wa Fullerton.

*Gitaa letu la ukumbini linavuma mmmm muda wote. Fundi alikuja akakata waya wa ethi ndani ya plagi ya amplifaya, mvumo ukapungua. Sasa mwimbaji akigusa maiki kwa midomo anapigwa shoti. – Bendi, jina tulihifadhi*

Huyo fundi asiguse tena kitu chenu.

Pikapu ya Fender ya kawaida ni sumaku sita zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko kama elfu nane. Inadaka uzi ukitetemeka, na inadaka pia umeme unaopita ukutani, taa za tyubu, transfoma. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo maana mvumo wenu unakaribia noti ya G, jaribuni mtaona. Hilo ni la kuzaliwa. Mnalipunguza kwa kukaa mbali na transfoma ya amplifaya, kugeuka pembeni, kuzima tyubu za jukwaani. Kama Stratocaster yenu ni ya miaka ya karibuni, wekeni swichi kwenye nafasi ya pili au ya nne, mara nyingi pikapu ya kati imezungushwa kinyume na mvumo unafutika. Zamani swichi ilikuwa ya nafasi tatu tu, wapigaji wakaikwamisha katikati kwa kidole, kiwanda kikaweka ya nafasi tano mwaka 1977.

Lakini nyuzi za gitaa zimeungwa na chesisi ya amplifaya kwa makusudi. Ukikata ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, siku amplifaya ikivujisha umeme kwenye chesisi, umeme unapita kwenye nyuzi, mkononi mwa mpigaji, unatokea kwenye maiki iliyounganishwa na mashine nyingine. Shoti mnayoisikia sasa ndiyo mwanzo wake. Zimeni, rudisheni ule waya kwenye pini yake leo, halafu mlete fundi umeme apime soketi za jukwaa kwa mita, zote, kama ethi inafika kweli, na gitaa pamoja na mashine ya maiki zichomekwe soketi moja. Mpaka hapo mwimbaji aimbe bila gitaa.